Kupima Rilei za Kidijitali za Ulinzi: Njia Ipi Ichaguliwe kwa Vituo vya Mtwara na Lindi

Kwa takribani wiki mbili, fida mpya (laini ya kusambaza umeme inayotoka kituoni) ya kilovolti 33 katika kituo kimoja cha kupoza umeme huku kusini ilikuwa ikitripu, yaani breka yake ikijikata, kila inapofika magharibi, na ikirudishwa asubuhi inashika mchana kutwa bila tatizo. Kila mara rilei, kifaa kinachotazama mikondo na kuiamuru breka ikate, iliandika hitilafu ya ardhi, yaani mkondo unaovujia ardhini. Vijana wa laini walitembea kilomita nyingi chini ya nyaya, wakakata matawi ya mikorosho na minazi yaliyokaribia waya, wakabadilisha vikombe viwili vya kuhami waya vilivyopasuka, na jioni fida ikaanguka tena. Ripoti ya upimaji wa rilei ilikuwa safi, kila namba ikiwa ndani ya kiwango kinachoruhusiwa. Nilipofungua ukurasa wa vipimo kwenye kioo cha rilei saa nane mchana, fida ikiwa imebeba ampea 14 kwa kila fezi, mkondo wa ardhi ulisomeka ampea 28. Namba hiyo moja ilitosha. Transfoma ya mkondo ya fezi moja, yaani CT kama mafundi wote wanavyoiita, inayoipa rilei nakala ndogo ya mkondo wa laini, ilikuwa imeunganishwa kinyume, na fezi tatu zenye mikondo sawa zikijumlishwa huku moja ikiwa imegeuzwa, jibu ni mara mbili ya mkondo wa fezi moja. Ulinzi wa ardhi ulikuwa umewekwa ampea 40. Fida ile ilikuwa salama mpaka mzigo ulipovuka ampea 20, na hilo lilitokea pale tu watu walipowasha taa, feni na televisheni.

Aliyeipima rilei ile hakukosea katika kile alichokipima. Alichomeka mashine yake kwenye terminali za rilei, na kuanzia hapo kwenda ndani kila kitu kilikuwa sawa. Kosa lilikuwa nje ya hapo, mita chache tu upande wa CT. Hilo ndilo ninalotaka msomaji alishike anapolinganisha njia za upimaji. Rilei ya kidijitali ni nadra kukosea hesabu zake. Makosa yanayoangusha mji mzima huwa katika nyaya, katika mipangilio iliyoandikwa na binadamu, na katika saketi ya kutripu breka. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu njia yoyote ya upimaji ni hili: katika mnyororo unaoanzia kwenye CT, ukapita kwenye rilei na kuishia kwenye koili ya breka, njia hii inagusa sehemu ipi na inaiacha ipi?

Swali hilo lina uzito wa pekee katika mikoa yetu. Kwa miaka mingi Mtwara na Lindi zilikuwa nje ya gridi ya taifa, zikitegemea hasa mitambo ya kufua umeme ya Mtwara inayotumia gesi ya Mnazi Bay. Umeme huo hupita kwenye laini ya kilovolti 132 hadi kituo cha Mahumbika mkoani Lindi, kisha husambaa kwa laini ndefu za kilovolti 33. Laini ndefu inayolishwa na injini chache za gesi hutoa mkondo mdogo wa hitilafu, ambao kule mwishoni unaweza kukaribiana na mkondo wa mzigo wa kawaida. Gridi kubwa hubadilisha hali hiyo, na laini ya kilovolti 220 ya Songea, Tunduru hadi Masasi ilibuniwa kwa ajili ya kuiunganisha mikoa hii nayo. Rilei iliyowekewa mipangilio ya hali ya kwanza inaweza isifae katika hali ya pili, hata kama haina ubovu wowote ndani yake.

Upande wa msingi au upande wa upili

Upimaji wa upande wa upili, yaani wa mkondo mdogo unaotoka kwenye CT kwenda kwenye rilei, ndio unaofanywa zaidi. Fundi huunganisha pamoja njia za upili za CT kwanza, kisha huitenga rilei kwenye bloku ya upimaji na kuingiza mkondo mdogo kutoka kwenye mashine. Utaratibu huo haugeuzwi, kwa sababu CT yenye mkondo upande wa msingi, yaani wa laini yenyewe, ikiachwa wazi upande wa upili huzalisha volteji inayoweza kuua mtu na kuunguza CT yenyewe. Baada ya hapo kazi huenda haraka na kwa usahihi mkubwa. Tuchukue fida yenye CT ya 200/1 (ampea 200 za laini huwa ampea 1 kwenye rilei), iliyopangwa kuanza kuhesabu kwenye ampea 160, ambazo upande wa upili ni ampea 0.8, ikitumia mkunjo wa kawaida wa IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme (mkondo ukizidi kuwa mkubwa, muda wa kukata hupungua), na kizidishio cha muda cha 0.1. Ukiingiza ampea 1.6, yaani mara mbili ya kiwango, rilei inapaswa kutripu baada ya sekunde 1.00. Ukiingiza ampea 4, sekunde 0.43. Ukiingiza ampea 8, sekunde 0.30. Pointi hizo tatu, pamoja na kiwango cha kuanza na kiwango cha kuachia, zinatosha kuuthibitisha mkunjo mzima, kwa sababu ndani ya rilei ya kidijitali mkunjo ni fomula tu. Hakuna sahani inayozunguka wala springi inayolegea kama katika rilei za zamani, na fundi anayepima pointi kumi na tano za mkunjo mmoja anatumia saa zake kuthibitisha hesabu ambayo haina sababu ya kubadilika.

Upimaji wa upande wa msingi huingiza mkondo kwenye kondakta kuu yenyewe, ukapita ndani ya CT kama mzigo halisi unavyopita. Mashine yake ni nzito, nyaya zake ni nene, na lazima laini izimwe, ifungwe na kuunganishwa na ardhi kwa utaratibu kamili wa usalama. Kwa CT ya 200/1 si lazima kufikia ampea 200: ampea 50 zinatosha kuonyesha 0.25 upande wa upili na kuthibitisha uwiano. Sehemu yake nzuri zaidi ni hii. Ukiingiza ampea 50 kupitia fezi nyekundu na kuzirudisha kupitia fezi ya njano, mkondo wa ardhi kwenye kioo cha rilei lazima uwe karibu na sifuri, kwa kuwa mikondo miwili inafutana. Ikiwa CT moja imegeuzwa, kioo kitaonyesha ampea 100 za upande wa msingi, ambazo ni 0.5 upande wa upili. Jaribio hilo huchukua dakika chache baada ya vifaa kufungwa, na lingeziokoa zile jioni zote za giza nilizozieleza.

Hata hivyo, upande wa msingi hauwezi kuchukua nafasi ya upili. Kuijaribu fida ileile kwa mara kumi ya kiwango chake kungehitaji ampea 1,600 kwenye kondakta, na mashine nyingi za kubebeka haziwezi kuzisukuma kupitia kitanzi kirefu cha nyaya za kituo. Kwa hiyo ushauri wangu ni kutumia upande wa msingi mara moja kituo kinapokabidhiwa, na tena kila mtu anapogusa CT, terminali zake au nyaya zinazotoka humo, hata kama amebadilisha skrubu moja iliyoliwa na kutu. Upimaji wa kawaida wa vipindi ufanywe upande wa upili.

Ipo pia njia ya tatu, isiyohitaji mashine yoyote, nayo ni kusoma vipimo vya rilei laini ikiwa na mzigo. Linganisha mikondo ya fezi tatu, pembe zake dhidi ya volteji, na mkondo wa ardhi. Inasikitisha kwamba njia hii hupuuzwa kwa sababu ni ya bure. Udhaifu wake ni kwamba inahitaji mzigo wa kutosha, na fida mpya ya kijijini yenye ampea mbili au tatu haitakuambia chochote cha kuaminika. Rudi baada ya mwezi, mzigo ukiwa umekua, usome tena.

Mashine ya fezi moja au ya fezi tatu

Mashine ya fezi moja, kama SVERKER ya Megger, ni imara, inabebwa na mtu mmoja, na fundi mwenye msingi mzuri huielewa ndani ya siku moja. Kwa ulinzi wa mkondo uliozidi usio na mwelekeo na kwa ulinzi wa ardhi wa kawaida, yaani ule ulio katika viwanda vingi vya kubangua korosho na katika transfoma ndogo, inatosha kabisa. Sikubaliani na wanaosema kwamba rilei ya kidijitali haipimiki bila mashine ya fezi tatu.

Lakini ina mtego wake. Ukiingiza mkondo katika fezi moja tu na kuurudisha kupitia nyutro, rilei huona pia mkondo wa ardhi wa kiasi kilekile, pamoja na mkondo wa mfuatano hasi (kipimo cha kutolingana kwa fezi tatu) ulio theluthi moja ya ule ulioingiza. Ulinzi wa ardhi, ambao kwa kawaida umewekwa chini sana, utatripu kwanza kabla ya ule uliokusudia kuupima. Mafundi wengi hujibu kwa kuuzima ulinzi wa ardhi kwa muda, na hapo ndipo hatari inapoanza, kama nitakavyoeleza. Jibu bora ni kuingiza mkondo kwenye fezi nyekundu na kuutoa kwenye fezi ya njano. Jumla inakuwa sifuri, ulinzi wa ardhi unatulia, na hakuna kilichozimwa, ingawa ulinzi wa mfuatano hasi, kama umewashwa, bado utauona mkondo huo na lazima uhesabiwe katika matarajio ya muda.

Mashine ya fezi tatu hutoa mikondo na volteji kwa pembe unazozitaka. OMICRON CMC 356, kwa mfano, ina mikondo sita na volteji nne katika sanduku moja. Kwa ulinzi wa mwelekeo, ulinzi wa umbali (unaokadiria hitilafu iko mbali kiasi gani) na ulinzi wa tofauti wa transfoma (unaolinganisha mkondo unaoingia na unaotoka), sioni mbadala wa maana. Transfoma yenye muunganiko wa Dyn11 hugeuza pembe kwa digrii 30 kati ya pande zake mbili, na rilei hufidia hilo kwa hesabu. Ukiwa na mikondo sita unaiga pande zote mbili kama zilivyo, ilhali ukiwa na fezi moja unalazimika kuingiza vigawo vya kusahihisha kwa mkono, na kosa moja la kipeuo cha pili cha tatu (√3) linakufanya uihukumu rilei nzima kuwa mbovu.

Kwa Mtwara na Lindi kuna sababu ya ziada. Mahali ambapo umeme unatoka upande mmoja tu, ulinzi usio na mwelekeo hufanya kazi vizuri. Mara gridi inapoingia upande mmoja huku mitambo ya gesi ikiendelea upande mwingine, hitilafu ile ile hulishwa kutoka pande mbili, na rilei lazima ijue mkondo unaelekea wapi kabla ya kukata. Uelekeo huo hutokana na pembe kati ya volteji na mkondo. Anayepanga kununua mashine leo kwa ajili ya vituo vya kupoza umeme, na si kwa kiwanda kimoja, anunue ya fezi tatu, hata kama italazimu vituo viwili au vitatu kuitumia kwa zamu.

Kipengele kimoja kimoja au tukio zima

Hapa ndipo uamuzi ulio mkubwa kuliko wa kununua mashine, na ndipo mazoea ya zamani yanapotudhuru zaidi. Katika enzi ya rilei za sahani na springi, kila ulinzi ulikuwa na kasha lake: mkondo uliozidi fezi nyekundu, mkondo uliozidi fezi ya bluu, hitilafu ya ardhi, na kadhalika. Fundi alipima kasha moja, akaenda la pili. Rilei ya kidijitali imeyaweka yote hayo, na mengine mengi, ndani ya kasha moja, na vyote vinatazama mikondo ileile kwa wakati mmoja. Ukitaka kupima kipengele kimoja peke yake, mara nyingi utalazimika kuvizima vingine.

Nililiona matokeo yake katika kituo kingine, mkoa huuhuu. Upimaji ulifanyika siku moja ya kiangazi, ukakamilika kabla ya jua kuzama, na ripoti ikasainiwa. Miezi kadhaa baadaye, mvua za kwanza ziliangusha tawi la mkorosho juu ya laini. Fida haikukata. Breka kuu ya kituo ndiyo iliyokata, baada ya kuchelewa, na wilaya nzima ikazimika pamoja na hospitali yake. Tulipochomoa mipangilio kutoka kwenye rilei ya fida tulikuta ulinzi wa ardhi umezimwa. Mtu aliuzima ili apime mkondo uliozidi, akaupima vizuri, na hakuuwasha tena. Upimaji uliokusudiwa kuilinda fida ndio uliouondoa ulinzi wake, na namba zote katika ripoti zilikuwa za kweli.

Upimaji wa tukio zima huenda kinyume na njia hiyo. Mipangilio haiguswi hata kidogo. Mashine huanza kwa kuiga mzigo wa kawaida kwa sekunde chache, kisha huiga hitilafu kamili yenye mikondo na volteji zake, kisha huacha rilei iamue yenyewe. Fundi anatazama mambo mawili tu: je, breka imepokea amri, na imeipokea baada ya muda gani? Mzigo wa kabla ya hitilafu una kazi yake ya kweli, kwa kuwa rilei za umbali na za mwelekeo hutumia kumbukumbu ya volteji ya kabla ya hitilafu, na rilei inayoamshwa ghafla kutoka sifuri moja kwa moja hadi hitilafu inapimwa katika hali ambayo haitokei kwenye laini iliyokuwa kazini.

Ugumu wa njia hii uko mezani, kabla ya kwenda kituoni. Ni lazima mtu akokotoe mikondo ya hitilafu ya laini husika, achague matukio yenye maana, na aandike matarajio yake kabla ya jaribio. Kwa fida ya kilovolti 33 huku kwetu, mimi huchagua machache yafuatayo: hitilafu ya fezi tatu karibu na kituo, chanzo kikiwa na nguvu kubwa, kuona kama rilei inawahi kabla ya breka kuu kwa nafasi isiyopungua sekunde 0.3; hitilafu ya fezi mbili kule mwisho wa laini, mitambo ikiwa michache, kuona kama rilei inaitambua kabisa; kuwashwa kwa transfoma nyingi kwa pamoja baada ya umeme kukatika kwa muda mrefu, kuona kwamba rilei haitripu pasipo sababu; na waya uliokatika na kulala juu ya mchanga mkavu.

Tukio hilo la mwisho nalishikilia sana. Juu ya Uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, ardhi ni ya mchanga unaonyonya maji haraka, na kiangazi uso wake hukauka kabisa. Waya ukilala pale unaweza kupitisha mkondo mdogo mno kwa ulinzi wa ardhi wa kawaida kuuona, huku ukiwa na volteji kamili ya kumuua mtoto au mkulima anayepita. Ulinzi nyeti wa ardhi ndio uliowekwa kwa ajili hiyo, nao ndio unaozimwa kwanza na fundi anayesumbuliwa na tripu zisizoeleweka. Ripoti ya upimaji isiyokuwa na tukio hilo, kwa laini inayopita uwanda ule, mimi huihesabu kuwa haijakamilika. Nakiri kwamba hakuna rilei inayoshika kila waya ulioanguka. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya ulinzi wenye mipaka na ulinzi uliozimwa bila mtu kujua.

Je, upimaji wa kipengele kimoja kimoja hauna tena nafasi? Unayo, katika sehemu mbili. Rilei mpya inayotoka kwenye boksi, kabla haijafungwa, ipimwe kipengele kwa kipengele kwenye meza. Na rilei inayoshukiwa kuwa na ubovu wa ndani, kwa mfano njia moja ya mkondo inayosoma pungufu, haiwezi kuchunguzwa vizuri kwa njia nyingine. Ikiwa lazima kuzima kipengele kituoni, basi faili la mipangilio lichomolewe kabla ya kazi, lichomolewe tena baada ya kazi, na mafaili mawili yalinganishwe na kompyuta mstari kwa mstari. Macho ya mtu aliyechoka saa kumi na mbili jioni hayatoshi kwa kazi hiyo.

Rekodi za hitilafu halisi, ambazo rilei huhifadhi katika muundo wa faili uitwao COMTRADE, zinaongeza kitu kingine. Mashine nyingi za fezi tatu zinaweza kuicheza rekodi hiyo upya ndani ya rilei, pamoja na mtikisiko wote wa wimbi la kweli ambao hesabu za mezani hazina. Ikiwa fida ilikataa kutripu, au ilitripu bila sababu, rekodi yake irudishwe kwenye rilei baada ya mipangilio kusahihishwa. Hakuna jaribio la kubuni linaloweza kujibu swali hilo vizuri zaidi.

Kwa mkono au kwa programu

Programu ya upimaji hurudia jaribio lilelile kwa namna ileile miaka mitano baadaye, na hutoa ripoti isiyo na namba zilizonakiliwa vibaya. Kwa kituo chenye fida nane zinazofanana, chagua programu. Kwa rilei moja ya kiwanda, kuandaa faili la programu huchukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Tahadhari ni moja: faili lililotengenezwa kwa kunakili matarajio kutoka kwenye mipangilio ya rilei yenyewe litakubali kila kosa lililomo humo, kwa kuwa linaiuliza rilei kama inakubaliana na nafsi yake. Matarajio yatoke kwenye hesabu za mhandisi.

Upande mmoja wa laini au pande zote mbili

Kwa laini za kusafirisha umeme zenye rilei zinazowasiliana, kama za ulinzi wa tofauti wa laini, kila upande unaweza kupimwa peke yake kwa kuirudishia rilei ishara yake. Hilo huthibitisha rilei, lakini halithibitishi mawasiliano wala ucheleweshaji wake. Upimaji wa pande mbili huweka mashine mbili katika vituo viwili, saa zake zikilinganishwa kwa setilaiti za GPS, na kuanzisha hitilafu ileile kwa wakati mmoja kule na huku. Unahitaji mashine mbili, timu mbili, na mipango ya siku kadhaa. Kwa umbali kama wa Mtwara hadi Mahumbika si kazi ndogo, lakini laini inapokabidhiwa, au vifaa vya mawasiliano vinapobadilishwa, sioni namna ya kuikwepa.

Ipimwe kila baada ya muda gani

Rilei ya kidijitali hujichunguza mchana na usiku: umeme wake wa ndani, kumbukumbu yake, kichakataji chake. Ndiyo maana kiwango cha PRC-005 cha NERC, shirika linalosimamia uthabiti wa gridi, kinachotumika Amerika Kaskazini, kinaruhusu miaka 12 kati ya upimaji mmoja na mwingine kwa rilei ya kidijitali inayojifuatilia na kutuma taarifa ya ubovu, na miaka 6 kwa isiyofuatiliwa. Wapo wanaozipenda namba hizo kwa kuwa zinapunguza kazi, nami nawaomba wasome sharti lake kwa makini. Taarifa ya ubovu lazima imfikie mtu. Katika vituo kadhaa nilivyoingia, mguso wa tahadhari nyuma ya rilei, yaani njia yake ya kutuma taarifa ya ubovu, haukuwa umeunganishwa na chochote. Rilei ingekufa usiku na taa yake nyekundu ingemulika chumba kitupu hadi mtu apite.

Tena, rilei haioni kilicho nje ya ngozi yake. Haioni terminali iliyoota ukungu wa kijani kwa hewa ya chumvi, jambo ambalo kila fundi wa Mikindani, Lindi mjini au Kilwa analijua kwa macho. Isipokuwa imepewa kazi ya kufuatilia saketi ya kutripu, haijui kama koili ya breka imekatika. Haijui kama betri za volti 110 zinashuka hadi volti 80 pale breka inapohitaji nguvu. Kwa pwani yetu napendekeza kugawa kazi mara mbili. Rilei yenyewe, ikiwa tahadhari yake imeunganishwa, ipimwe kwa matukio kila baada ya miaka 4 hadi 6. Sehemu ya nje, yaani terminali, betri na kutripisha breka halisi kupitia rilei, ifanyike kila mwaka, na wakati mzuri ni Agosti au Septemba, kabla ya msimu wa korosho kuanza Oktoba na kabla ya mvua.

Tukio la kweli likitokea na breka ikakata sawasawa, na rekodi ikachomolewa na kusomwa, hilo nalo ni upimaji wa mnyororo mzima kuliko wowote tunaoweza kuupanga. Liandikwe kwenye kumbukumbu za kituo hivyo.

Nani achague nini

Mwenye kiwanda cha korosho chenye transfoma moja na rilei moja ya mkondo uliozidi hana sababu ya kununua mashine. Akodi fundi mwenye mashine ya fezi moja, amtake aingize mkondo kati ya fezi na fezi bila kuzima kitu, na asilipe mpaka breka yake mwenyewe imefunguka kwa amri ya rilei mbele ya macho yake. Wapo wanaopima rilei huku breka imetengwa na kuiacha hivyo. Kiwanda kinabaki na cheti kizuri na breka isiyosikia.

Msimamizi wa vituo vya kilovolti 33 achague mashine ya fezi tatu na upimaji wa matukio. Afanye upande wa msingi kwa kila fida mpya kabla ya kuiwasha, na kama haiwezekani, basi usomaji wa vipimo ukiwa na mzigo ndani ya mwezi wa kwanza liwe sharti la kukabidhi kazi. Pale ambapo rilei ina makundi mawili ya mipangilio, moja kwa mitambo ya gesi peke yake na jingine kwa gridi, kila tukio lipimwe katika makundi yote mawili, na ubadilishaji wa kundi lenyewe upimwe pia kwa swichi au ishara halisi itakayotumika, kwa sababu waya wa ishara hiyo nao unaweza kuwa umeunganishwa kinyume.

Bajeti ikiruhusu kitu kimoja tu mwaka huu, mimi ningeacha mashine mpya dukani na kuwalipa wahandisi wawili wakae wiki mbili, wakokotoe mikondo ya hitilafu ya kila fida kwa hali zote mbili za chanzo, na waandike matukio ya kupima. Mashine inaweza kuazimwa kutoka mkoa wa jirani kwa siku tatu. Hesabu za laini ya kwenda Newala haziwezi kuazimwa popote.